Kopo la Pretzeli Nililoliacha Gesima

Kisii mjini,
Alhamisi, baada ya kazi

Dada yangu mpendwa Rehema,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako namsalimu Mama, ambaye najua ameketi karibu yako akikuambia usome polepole. Goti lake linaendeleaje? Na ile migomba ya bondeni, maji ya mfereji yameifikia au bado mnavutana na jirani? Mimi ni mzima. Kazi pale duka la mbegu na dawa za mifugo inaendelea, na mvua ya huku inanyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa.

Uliniuliza kwenye simu kama Mama aje kuposa au asije. Nikakujibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Sikuwa na jibu, na hata sasa ninapoandika sina. Tangu nitoke kazini nimefagia chumba mara mbili, na chumba chenyewe unakijua kwa picha, hatua nne umekimaliza. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, kama yalivyo kwenye shajara yangu.

Moraa nilikwisha kukuambia: ni mwalimu wa chekechea, kwao ni Gesima, kule juu kwenye chai. Binamu yake aliporudi kutoka Amerika alileta pakiti ya pretzeli zilizochovywa kwenye chokoleti. Ni vijimikate vikavu vya chumvi, vimesokotwa mfano wa mtu aliyekunja mikono kifuani. Mama yake Moraa, ambaye hasifu kitu ovyo, alikula kimoja akasema, "Hiki kina akili." Moraa aliponisimulia nikaamua kwamba siku ya kwenda kujitambulisha nitabeba hizo, na nitazitengeneza mwenyewe.

Tanuri sina. Nilitandaza mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaiweka jikoni, sahani ya bati ndani, makaa juu ya kifuniko, vile Mama alivyokuwa akituokea keki ya Krismasi. Unga unaukanda na hamira na siagi kidogo, unaviringisha kamba nyembamba kama kalamu, unasokota, unatumbukiza kwenye maji ya magadi yanayochemka, unanyunyiza chumvi, kisha unaoka mpaka vikauke. Shajara ya Jumanne inasema: "Zote zimefunguka. Zinafanana na minyoo." Ya Jumatano: "Nne zimeshika." Siri ni kulowesha ncha kwa maji kabla ya kuzibana.

Chokoleti ndiyo iliyonitoa jasho. Niliiyeyusha kwenye bakuli juu ya mvuke, tone la maji likaingia, ikagandamana kama udongo wa mfinyanzi. Nikaongeza maji nikidhani nailainisha. Siku mbili nilikunywa uji wa chokoleti. Mara ya pili nilikausha bakuli, kijiko, mpaka vidole, nayo ikakubali. Nilichovya kila moja nusu, nikazipanga dirishani. Baridi ya huku ilizigandisha kabla sijamaliza kuosha vyombo. Huko kwetu Taveta tungezinywa kwa kikombe.

Nikazitia kwenye lile kopo la bluu ulilonifungia karanga siku naondoka nyumbani. Jumapili mimi na Moraa tukapanda Gesima.

Mama yake Moraa alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Mimi, kwa furaha na kwa malezi yetu, nikamwendea moja kwa moja, nikampa kopo, kisha nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili na kuinama, kama tunavyowasalimu wazee kwetu. Akaunyakua mkono kama aliyegusa sufuria ya moto, akajifunika leso usoni, akaingia ndani na kopo langu. Hakutoka tena hadi tulipoondoka.

"Yaaya!" Shangazi yake Moraa akapiga makofi. "Wewe kijana, kwenu hakuna wakwe?"

"Wapo, Mama."

"Na huwa mnawashika hivyo? Ungembeba basi, tujue moja!"

Watu wakacheka. Baba mtu akatazama paa.

Huku, dada, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Zawadi unaiweka mezani au unampa mtu mwingine aipokee. Pengine hata kwetu wazee walikuwa na yao, lakini sisi tulikulia mjini. Na mimi nilikuwa na orodha! Moraa alinitajia mambo kumi na moja, nikayaandika: nisikalie kiti cha baba yake, nisikatae ugali wa wimbi, soksi zisiwe na tundu. Hilo moja halikuwamo.

"Hukuniambia," nilimwambia tukishuka.

"Na ningekuambia pia usile mawe?" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Danieli, nani asiyejua hilo?"

"Sasa nifanye nini?"

"Ngoja kopo. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kikirudi kitupu..." Hakumalizia.

Leo ni siku ya nne. Moraa hapigi simu. Dukani jana nilimpa mzee mmoja dawa ya ng'ombe naye alitaka ya kuku. Barua hii siifungi.

Jumapili, alasiri

Moraa amekuja. Alisimama mlangoni na kopo kwapani, uso hausomeki.

"Zito?" nikamuuliza.

"Pokea mwenyewe. Mimi unaruhusiwa kunigusa mkono."

Lilikuwa zito. Juu kulikuwa na mfuko wa unga wa wimbi, umefungwa vizuri. Chini yake, mandazi. Lakini si mandazi ya pembe tatu, dada. Yalikuwa yamesokotwa, au yalijaribiwa kusokotwa. Mengi yalikuwa yamefunguka mafutani na kunyooka. Moja tu lilikuwa limekunja mikono yake sawasawa.

"Mama amekaanga tangu Ijumaa asubuhi, akaacha jua lilipotaka kuzama, maana Sabato ilikuwa inaingia," Moraa akasema. "Jana usiku akaanza tena. Anasema hivi: 'Mwambie kamba zangu zinafunguka. Mama yake akija na wazee wao, na yeye aje anifundishe. Lakini akae nje dirishani, aseme kwa sauti, mimi nitakuwa ndani.'"

Basi jibu ndilo hilo. Mwambie Mama aje. Abebe sweta nzito na viatu vya kufunika vidole, na goti alifunge vizuri kwa sababu ya ule mlima. Nami nitamweleza mama mkwe mambo ya ncha na maji nikiwa upande wangu wa ukuta.

Nisalimie Mjomba fundi cherehani, umwambie suti sasa aanze. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na Bibi wa ng'ambo ya mfereji anayeniombea kila asubuhi. Lile andazi moja sijalila. Nimeliweka kwenye kopo, Mama alione.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo hajafagia hata mara moja,

Danieli