Kisamaki cha Muzammil

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mjukuu wangu ametimiza miezi kumi leo. Bado hakai. Namweka mkekani, namzungushia mito, namwambia kaa bwana mkubwa, kaa kama baba yako — anainama pole pole mpaka paji la uso linagusa mkeka. Halafu anacheka. Kicheko hicho! Ningeweza ningekifunga pindoni mwa kanga nitembee nacho.

Jino la pili linamtoka. Hana raha mpaka apewe kisamaki chake akinyonye. Nilikimimina mwenyewe, kwa risasi hii hii ninayoyeyusha kutengenezea chubwi za kuzamisha nyavu za watu, nikakisugua kwa tupa mpaka kikang'aa. Watoto wengine wananunuliwa midoli Ukunda. Wangu ana kazi ya mikono ya bibi yake.

Wifi Nadhira kapita asubuhi. Kamtikisa mtoto mguu, kaguna. Ati huko Kombani, kwao Zulekha, mama mtoto, yuko kaka mtu, Athmani, ana miaka ishirini na hajui kufunga vifungo vya shati. "Damu hiyo, wifi. Damu haifichiki." Na Zulekha yuko pale pale anakuna nazi! Akasita kidogo, akaendelea kukuna.

Sikumtetea mkwe wangu. Nilipepeta mchele wangu.

Keshokutwa majibu ya damu ya mtoto kutoka Nairobi. Yarabi, yawe ya heri.

Jumatano, 10 Septemba

Zulekha kaamka na homa, nikaenda hospitali peke yangu. Sista Purity, yule binti wa Kinango, kanivutia kiti. Hospitalini ukivutiwa kiti, jua kuna jambo.

Muzammil ana risasi ndani ya damu. Nyingi. Ndiyo maana damu haipandi hata kwa ile dawa ya kuongeza damu, ndiyo maana hakai. Kasema huenda ilianza tangu tumboni. Anachovuta mama puani na anachokula humfikia mtoto, kondo la nyuma haliizuii risasi. Na miezi hiyo ndiyo ubongo unajijenga, tangu tumboni mpaka mwaka wa pili, wa tatu. Risasi inakaa mahali pasipo pake.

Nikamwuliza, si damu ya ukoo? Maana upande wa mama yake kuna kijana...

"Hapana, Mama. Huyo ana yake. Hii hairithiwi, inaingia."

Akashika kalamu. Nyumbani yuko anayechoma betri kuukuu? Anayeyeyusha chochote?

Miaka kumi na tisa nayeyusha betri. Tangu marehemu mume wangu afe, kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanangu Idris. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, mbele ya macho yake, kucha nyeusi.

Nikasema hapana.

Na nilikuwa na udhu! Nimetia udhu kwa adhuhuri, nikasema uongo juu yake!

Sista kasema kila siku ina thamani. Kilichomo nyumbani kitafutwe kiondolewe, mama na mtoto waende wiki ijayo wote wawili wapimwe, waanzishiwe matibabu. Kilichoharibika hawezi kuahidi kitarudi. Kisiongezeke tu.

Karatasi ya majibu nimeitia ndani ya mfuko wa msahafu. Nyumbani nimesema hawakuona kitu. Zulekha akalia. "Basi ni mimi, Mama." Nikampa maji anywe. Maji!

Ijumaa, 12 Septemba

Sufuria ya kuyeyushia nimeizika nyuma ya choo. Betri zote nimempa mtu azibebe. Kisamaki nimekitoa mkononi mwa mtoto alipolala, nikakizika pia. Alipoamka alilia mpaka akakauka sauti.

Mzee Ngala kaja baada ya sala kutaka chubwi za jarife lake, wavu wa papa. "Mama Idris, umestaafu? Au samaki wamekuhonga?" Nikamwambia moshi unanibana kifua. Akacheka, ati miaka yote hii kifua kilikuwa wapi.

Zulekha akasikia. Akatoka na homa yake, kajifunga leso kichwani. "Mama, nikuwashie jiko mimi? Wewe kaa, nitapepea kama mwaka jana."

Kama mwaka jana. Astaghfirullah.

Jumapili, 14 Septemba

Sikutaka kuyaandika haya.

Masika ya mwaka jana mvua ilizidi, nikahamishia jiko upenuni. Chini ya dirisha la Zulekha. Mimba yake ilikuwa miezi miwili, mitatu. Akikaa na kipepeo, mimi namimina, tunapiga soga. Nilikuwa namsifu kwa majirani — mkwe gani siku hizi anakaa motoni na mama mkwe? Nilimwona ni baraka niliyoteremshiwa.

Risasi ikipoa namwita aje kuokota chubwi. Anazitia upande wa kanga, anazipakata juu ya tumbo.

Na wale wangu wawili waliotoka tumboni kabla hawajafika miezi mitano? Marehemu alikuwa akiyeyusha pale pale uani, nami nampepea. Tuliambiwa ni jicho. Nikavaa hirizi miaka miwili.

Hakuna aliyetwambia. Lakini mimi nimeambiwa sasa. Tofauti ni hiyo na ninaijua.

Jumatano, 17 Septemba

Leo ndiyo walikuwa waende kwa Purity. Hawakuenda. Nani angewaambia?

Ijumaa, 19 Septemba

Idris kaja kutoka hotelini Diani anakofanya kazi. Hakumbeba mwanawe. Yeye mwenyewe amekonda. Shangazi yake Nadhira alikuwa keshampigia simu mara sita wiki hii.

Wakakaa yeye na shangazi ukumbini, Zulekha jikoni, pazia tu katikati. Nadhira anasema pole pole, sauti ile ya kutaka isikike: msichana akapumzike kwao na mtoto wake. Muda tu. Na wewe bado kijana, utataka watoto wengine, wazima. Idris anatazama simu yake, haoni kilichomo. Kisha ananiuliza mimi. "Mama, wasemaje? Wewe ndiye uliyekwenda hospitali."

Nikasema mume ndiye mwenye neno. Idris akasema basi, waende kesho.

Nikajiambia, huko Kombani hakuna moshi wangu. Hakuna vumbi langu. Si ndiyo dawa yenyewe? Nikajituliza hivyo muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Lakini matibabu je? Na msichana wa watu, arudi kwa mama yake ameambiwa tumbo lake limeharibu mtoto?

Nimesali isha mara mbili. Ya kwanza sikujua nimesoma sura gani.

Jumamosi, 20 Septemba

Gari la kuwachukua litafika saa nne. Idris yuko nje, anapanga vitu kibarazani: ndoo, godoro la mtoto, beseni. Anapanga, anapangua.

Alfajiri nilifukua kisamaki nikakitupe mbali, mtoto yeyote asikiokote. Nilifika mpaka kwenye mikoko nikarudi nacho. Nimekifunga pindoni.

Muzammil analia chumba cha pili. Nasikia Zulekha anakung'uta shuka, anaburura kitanda. Anamwambia tulia baba, tulia, tutakipata.

Kaja mlangoni kwangu. "Mama, hujakiona kisamaki chake? Hanyamazi bila hicho. Nataka aondoke nacho, awe na kitu cha kwenu."

Nikasema ngoja.

Hakuondoka. Namsikia anapumua nyuma ya mlango, mtoto begani analia kwikwi. Mfuko wa msahafu uko mapajani, karatasi imo. Idris kaacha kupanga vitu huko nje.

"Mama? Uko salama?"

Haya ndiyo anayoniuliza yeye! Yeye!

Nimemwambia amwite mumewe waingie wote wawili. Nasikia miguu. Naanza kufungua pindo — nililikaza mno.