Tulik Hataki Kijiko

Jumatatu, 4 Machi
Tulik wangu, kilo sita na robo. Mwezi uliopita alikuwa sita na nusu. Nastasia wa kliniki alimpima mara mbili, akabadilisha na mzani. Namba ile ile. Kasema kwa miezi minane maziwa yangu peke yake hayatoshi, lazima ale. Nampa! Ndizi za kichupa, uji wa mchele wa boksi, viazi vya kuponda. Anatema vyote.
Jumatatu ijayo kama hajaongezeka, tunapanda ndege mpaka hospitali ya mjini. Wiki mbili, labda tatu. Baba yao Evan yuko porini kwenye mitego yake ya wanyama. Hawa watoto wakubwa wawili nimwachie nani?
Nikiwa mlangoni akashusha sauti. Bibi Olinka anakohoa wiki ya tatu sasa, makohozi yamepelekwa kupimwa kifua kikuu, majibu bado. Mtoto asimsogelee. Na asitafuniwe chakula na mtu yeyote. Nikasema sawa.
Sawa gani? Mtoto ana jina la marehemu mumewe. Mzee Tulik alikufa Juni, wangu kazaliwa Julai, akapewa jina; kwetu marehemu hurudi kwa mtoto mwenye jina lake. Bibi huja kumwona mume wake. Nimwambie asije?

Jumatano, 6 Machi
Kaja. Sikumwambia.
Alimwinamia mtoto: Mume wangu, umekonda, hawa watu hawakulishi? Akaonja ndizi za kichupa, akakunja uso. Huyu hajala ndizi maisha yake yote, nimempikia miaka hamsini na moja, nisijue mimi?
Akauliza anakula saa ngapi. Nikasema wakubwa zake wakishakula, nyumba ikitulia. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Eti mzee unamlisha mwisho, nyuma ya watoto? Hata mimi ningetema.
Niliona aibu. Mzee ndiye hupakuliwa kwanza, hilo nimelijua tangu sijaota meno. Nimempa mwanangu jina la mtu mzima, halafu namlisha makombo.
Akatoa mfukoni kipande cha samaki mkavu. Akakitafuna, akakichovya kwenye mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini, akamtia mtoto mdomoni kwa kidole kabla sijainuka.
Si kweli. Ningeweza kuinuka. Nilikaa.
Tulik akameza. Akafungua mdomo tena. Mara sita, nilihesabu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejaribu mwenyewe. Samaki yule yule, mafuta yale yale, nimetafuna mpaka taya zinauma. Ndiyo, hata mimi nimekatazwa. Akanitazama, akanitemea kifuani.
Mchana Bibi kamlisha, kala vizuri tu. Kikohozi anakigeuzia begani. Natazama mdomo wake, natazama mdomo wa mwanangu. 
Evan kapiga kwa redio ya upepo kutoka mitegoni, nikamwambia Bibi anamlisha. Kasema, si anakula? Basi mwache ale. Yeye hajui habari ya makohozi. Redioni kijiji kizima kinasikiliza, ningesemaje?

Jumapili, 10 Machi
Nimemwambia Bibi. Baada ya kanisa, nyumbani kwake. Nilizunguka na maneno, mara hali ya hewa, mara barafu ya mto. Akasema, mwanangu, sema, chai inapoa.
Nikasema.
Hakukasirika. Bora angekasirika. Akashona mishono mitatu minne kwenye nguo iliyokuwa mapajani, kisha akasema mama yake aliondoka na kifua hicho hicho, yeye akiwa bado ananyonya. Akanisogezea kichupa cha mafuta ya sili. Mweke mume wangu dirishani, akasema. Asipouona mto, chakula hakimpiti.
Hakunisindikiza mlangoni. Siku zote hunisindikiza.

Jumatatu, 11 Machi
Asubuhi. Kliniki saa tano. Theluji inaanguka, ndege ya majibu haijatua.
Nimepika supu ya samaki, nimeponda nyama yake kwa uma mpaka imekuwa uji. Tulik nimemweka dirishani. Nimempakulia kwanza. Wakubwa zake wamekaa na mabakuli matupu, wananishangaa. Nikasema, Mzee Tulik, karibu chakula. Yule mkubwa akacheka. Nikamwambia nyamaza, mzee anakula.
Hakula. Mdomo kaubana. Kijiko cha pili hivyo hivyo. Nikachota cha tatu.
Halafu nikasikia buti kwenye kichumba cha nje tunapotundika makoti. Kikohozi. Nikasema, Bibi, ingia, utaganda huko. Akasema usifungue. Nilishashika kitasa. Nikasikia kimeshikwa na upande wa pili.
Akaita kupitia mbao: We mzee! Unanisikia? Nimesimama kwenye baridi kwa ajili yako. Kula basi, nikapumzike.
Tulik akageuza kichwa kuutafuta mlango. Mdomo wazi. Nikarudi haraka, nikamtia kijiko.
Kaufunga. Hajatema. Shavu limejaa. Naandika hapa hapa pembeni ya bakuli, sitaki macho yangu yamtishe, lakini koo lake naliona.
Bibi anauliza: amemeza?
Anauliza tena.
Nangoja koo lisogee ndipo nimjibu.