Mkono Unaouza Wenyewe

Abdi rafiki yangu,

Kutoka Mwingi mpaka Emali hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na nakuambia hivyo nikiwa nimelala chali. Ng'ombe dume alinibana kwenye mbao za lori tukipakia pale Emali, paja likavunjika, na bado nikatoka na roho yangu, na kofia yangu, na yule ng'ombe akauzwa bei nzuri. Hospitali wakanitia chuma mguuni. Sasa hata wanunuzi wa vyuma kuukuu wananiangalia kwa heshima. Na hizi tembe kali za maumivu ninazomeza, zile za ukoo mmoja na dawa yako, hazijanigusa. Wengine huona vitu, wengine huruka-ruka. Mimi mkono wangu umetulia kama wa kinyozi. Kesho mke wangu Mwende ananipeleka kliniki, sista ataniuliza kama dawa inanisumbua, na jibu nimeshalipanga: niko fiti, niongezee kama iko.

Wewe ungecheka. Tangu utuache hakuna anayecheka uongo wangu vizuri. Wengine wanauamini, na hiyo inaharibu raha yote.

Nikupe habari za soko. Halima wako ndiye anauza mbuzi sasa. Siku ya kwanza madalali tulisimama tukiangaliana, kwa sababu bei yetu unaijua ni ya vidole, mkono kwa mkono chini ya shuka, jirani asijue. Sasa nani atamshika mke wa Abdi mkono? Akatuangalia, akasema, "Bei yangu ina mdomo." Akaitaja kwa sauti, soko lote likasikia. Siku hizi hata wazee wa kutoka Garissa wanataja bei kwa sauti, na sisi madalali tunakonda. Mkeo ametumaliza, bana.

Hayo mambo ya vidole ndiyo yananirudisha chumbani kwako. Kansa ilikuwa imekula mgongo, na ile dawa ya maji ndiyo ilikuwa imekurudishia usingizi. Nilikuwa nimekushika mkono chini ya blanketi, kama sokoni, mara kidole kikaniminya. Kikaniminya tena. Mimi dalali, damu ikachemka. Nikakuuliza ni mnyama gani huyo unaniuzia. Ukasema, "Musyoka, mimi siuzi kitu. Mkono unauza wenyewe." Tukacheka mpaka Halima akaja kuangalia kama umekufa.

Lakini kesho yake bega zima lilikuwa linaruka, kikombe hukishiki, na ukawa unaniambia nisogee ngamia wapite ukutani. Hapo hatukucheka. Shemeji zako wakasema ni jini, wakaleta shehe. Mwende wangu akasema ni pepo, akaleta pasta. Shehe akawa ndani anasoma, pasta nje kwenye kiti cha plastiki anangoja zamu, na wote wawili wanakunywa chai ya Halima. Halima mwenyewe alitaka kuimwaga ile chupa ya dawa chooni. Na wewe ulinivuta kola ukaninong'oneza, "Usimwambie sista. Atachukua dawa, na yale maumivu yatarudi."

Sikumwambia. Lakini alipokuja nyumbani akakushika akupime mapigo ya moyo, mkono ukampandishia bei.

Yule sista hakushtuka. Alikaa kitandani, akauliza unakojoa vipi, unakunywa maji kiasi gani, akasema, "Hii ni mishipa ya fahamu. Figo zimechoka kuitoa dawa, inajaa mwilini, mishipa inaanza kushtuka na macho yanaota yakiwa wazi." Akamgeukia Halima: chupa isimwagwe, ukikata dawa ghafla mtu anateseka. Akampigia daktari simu. Dozi ikapunguzwa, halafu ukabadilishiwa aina nyingine. Maumivu yalichungulia kidogo, yakakuta dawa mpya mlangoni.

Ngamia wakaondoka. Shehe akasema ni dua, pasta akasema ni maombi, sista akamaliza chai yake akaenda zake.

Na wewe ukarudi, Abdi. Ukaniita, ukaingiza mkono chini ya blanketi, ukamnunua beberu wangu mwekundu kwa vidole, taratibu, kimoja kimoja, na ukanipunja. Hicho kidole kilijua kinachofanya. Siku ulipotutoka ulikuwa unajua jina la kila mtu chumbani. Hiyo nimeishika mpaka leo.

Sasa nisikilize. Juzi niliona mbuzi wamelala juu ya kabati. Nikamwambia Mwende awafukuze, akacheka akaenda kupika. Jana chai ilinimwagikia kifuani, nikasema nacheza ngoma, akacheka tena. Ndiyo shida ya mtu wa mizaha, hata ukiungua watu wanakupigia makofi. Na mimi naogopa kile ulichoogopa wewe. Kabla ya hizi tembe, pale Emali, nililia nikimwita mama yangu, na unajua alikufa nikiwa ningali navaa kaptula. Sitaki kurudi huko.

Lakini wewe nilikuona ukitoka kwa ngamia mpaka kwa beberu, na hakuna aliyekunyang'anya dawa. Basi hii ndiyo ahadi yangu: kesho, kabla sista hajafungua mdomo, nitamwambia yote, mbuzi na chai, na Mwende akiwa amekaa hapo hapo asikie. Nikiweza kutembea na magongo nitakuja kaburini kwako nikutajie bei za soko kwa sauti, kama mkeo alivyotufundisha. Pumzika, ndugu yangu. Mungu akuweke mahali penye malisho.

Na ile bahati niliyoanza nayo, ya mkono wa kinyozi, ni uongo. Mkono unaruka tangu Jumapili.

Musyoka