Betri ya Pili ya Mzee Kristofa

Kihagara, Nyasa
Jumapili mchana

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na kikohozi cha mdogo kiwe kimekwisha. Mama naye vipi? Goti bado linamsumbua? Huku mimi mwili hauna shida. Moyo ndio mzito, na ndiyo sababu nimekaa chini kuandika. Kwenye simu ningeishia njiani.

Unamkumbuka Mzee Kristofa, yule katekista mstaafu aliyenipa chumba kwake nilipofika huku mara ya kwanza kufunga sola? Mapafu yake yalichoka, na hospitali ikamruhusu arudi nyumbani na mashine ya oksijeni ya kutumia umeme. Kwao ni juu mlimani, nguzo za umeme hazijafika. Nikamfungia mimi: paneli mbili juu ya bati na betri moja. Kiangazi ilitosha kabisa. Kufika saa nane mchana betri imejaa, na mashine inakwenda mpaka kunakucha.

Mvua zilipoanza, mashine ikawa inazima alfajiri. Mwanawe mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, akatuma betri ya pili, kubwa kama ile ya kwanza. Siku naifunga, binti wa mzee, Mwalimu Agnes, alikuwa ananimulikia tochi. Akaniuliza, "Fundi, betri zimekuwa mbili lakini paneli ni zile zile. Zitajaa kweli?"

Mama Neema, lile ndilo swali nililopaswa kujiuliza mimi. Betri haitengenezi umeme, inatunza tu ule ulioletwa na paneli. Nilitakiwa kupima paneli zinaleta kiasi gani siku ya mawingu, na mashine inakula kiasi gani usiku kucha. Sikupima. Kulikuwa na kazi kijiji cha Chiwanda inanisubiri, na kichwani nilikuwa na jua la kwetu Singida. Nikamjibu, "Zitajaa tu, Mwalimu. Jua lipo."

Akaniamini.

Ikanyesha siku tano mfululizo. Mawingu ya huku yanashuka kutoka milimani yanalala juu ya ziwa, hata mitumbwi iliyo karibu huioni. Alfajiri ya siku ya sita mashine ikazima, betri zote mbili hazina kitu. Agnes na majirani wakambeba mzee kwa machela kwenye utelezi mpaka barabarani, wakasubiri gari, wakafika hospitali jua limeshachomoza. Akaishi siku tatu, akafariki. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamefika mwisho, kwamba hata mashine isingezima huenda yangegoma. Huenda. Mimi sitajua kamwe.

Nilitoka Chiwanda nikawahi mazishi. Msibani nikamkuta mjane wake, Bibi Editha, hali wala hanywi. Alikuwa amewaruhusu majirani wachaji simu pale nyumbani, na yule mwanawe wa Dar es Salaam alipofika alimwambia mbele za watu, "Mama, umeme wa baba mliugawa!"

Zilikuwa simu nne tu, Mama Neema. Simu nne kwa betri zile si chochote. Na mimi nimekaa pale na sahani ya ugali wa muhogo na usipa, vile visamaki vya ziwani, watu wananishukuru kwa kumhudumia mzee. Hakuna aliyenishuku. Ningeweza kumaliza kula, nikanawa, nikaondoka.

Nikaweka sahani chini, nikaenda nikapiga magoti mbele ya mkeka wa Bibi Editha.

"Bibi, si simu. Kosa ni langu. Niliongeza betri bila kuongeza paneli. Mwalimu aliniuliza, nikamjibu bila kupima."

Yule mwanawe akasimama, nikajua atanipiga. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akatoka nje, na mpaka anasafiri hakunisemesha tena. Simlaumu.

Bibi akaniuliza, "Kwa hiyo si zile simu?"

"Hapana, Bibi."

"Kweli kabisa?"

"Kweli, Bibi."

Akajifunika uso kwa khanga akalia. Waliokuwa karibu naye wanasema hakuwa ametoa chozi tangu siku ya msiba. Baadaye akamwambia Agnes amletee uji. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Kesho yake Agnes alinikuta nafunga mzigo. "Fundi, mwambao huu umefunga nyumba ngapi?"

"Tisa."

"Nazo ulizipima?"

Nikafungua mzigo.

Sasa nazipitia moja moja. Nakaa kutwa na daftari, naandika paneli zinaleta nini mawingu yakitanda. Palipopungua naongeza paneli, au namwambia mwenye nyumba waziwazi kipi asiwashe. Nyumba moja kuna mama anatunza dawa ya sukari ya mwanawe kwenye friji. Kazi hii lazima ifanyike mvua zikiwa bado zinanyesha. Kiangazi kila kitu kitaonekana kizima. Zimebaki nyumba sita. Kwa hiyo, mke wangu, kipaimara cha Neema kitanipita.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo yake ipo na goti alikande kwa maji ya moto. Msalimie shemeji, dada yako, na umshukuru kwa kukubali kuwa msimamizi wa Neema kanisani. Msalimie na jirani yetu fundi cherehani anayemshonea gauni.

Neema akiuliza, usimwambie baba amebanwa na kazi. Mwambie baba alifanya kazi vibaya, watu wakaumia, na sasa yuko huko anairekebisha. Ameshakuwa mkubwa wa kuambiwa hivyo.

Mimi mumeo,
Baba Neema