Nyuma ya Daftari la Chama

Jumatatu, 15 Mei 2017

Maji hayapandi tena. Ndoo mbili, ngazi za ghorofa sita, lifti siku hizi ni jalala. Magoti yamenitukana njia nzima. Nimekaanga sambusa za duka la chini, kisha nimeandika michango ya chama. Kumi na wanane wamelipa. Waliobaki wana hadithi.

Mwanachama mpya mmoja. Amejaza mstari wake kwa mkono wake, ndiyo desturi yetu: jina, kwao, na wa kujulishwa akifa. Hapo pa tatu kila mtu husita kidogo.

Furaha, mpangaji wangu, ameniletea barua. Anasema kapewa na mlinzi wa getini. Bahasha ilikuwa imeachia upande mmoja. Nimeiona. Yeye kajifanya hajaiona.

Jumanne, 16 Mei

Nimeisoma mara tatu kwa miwani. Kiingereza cha serikali kinazunguka, lakini mwisho nimekishika. Wameangalia akaunti yangu ya benki. Pesa zilizolala humo na zinazoingia kila mwezi zimepita kiwango cha mtu anayestahili pensheni ya wazee. Kwa hiyo miaka miwili na zaidi nimelipwa nisichostahili. Nirudishe. Nifike ofisini tarehe sita Juni nikajieleze.

Pesa zenyewe si zangu! Ni za chama cha kufa na kuzikana. Watu sitini, Watanzania wengi, Wakongo wachache. Mtu akifa Johannesburg, hizo ndizo zinampandisha ndege akazikwe kwao. Ziko kwa jina langu kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa mtu wa hapa, nami nikapata kitambulisho cha hapa. Wenzangu wana karatasi za ukimbizi, benki haizitaki. Wakasema ziwekwe kwa Bi Zuhura, yeye ni mama yetu. Nikajiona mtu. Nilikubali upesi mno.

Zangu humo ni chache. Akiba ya kumalizia nyumba Tanga, na kodi ya chumba anayonilipa Furaha. Kodi hiyo sikuitaja kwenye fomu ya pensheni. Haya, nimeandika.

Wakija kukata, hawatachagua zangu wakaacha za maiti. Watakata tu.

Nani kawaambia?

Ijumaa, 19 Mei

Sijalala vizuri siku tatu. Nimewapitisha watu wote kichwani, mmoja mmoja.

Bwana Kombo, mwenyekiti wetu? Ana duka lake Rosettenville, ana heshima zake, na pesa zikipotea yeye ndiye atakayeulizwa kwanza baada yangu. Hapana.

Furaha. Mkongo, mwanachama mwenzetu, anasuka nywele huku Berea, anaishi nami mwaka wa tatu. Mwezi wa nne nilimpandishia kodi, akanyamaza siku nzima. Yeye ndiye anayejua ninapoweka kadi ya benki. Yeye ndiye aliyeleta barua. Juzi nimeingia jikoni akakata simu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimeweka alama kwenye kopo la sukari. Msumari, ndani, upande wa mpini. Nione.

Jumamosi, 20 Mei

Sukari imeshuka chini ya alama. Kidogo, lakini imeshuka. Mtu wa kuchukua sukari bila kusema atashindwa nini?

Jumapili, 21 Mei

Mkutano wa chama, nyuma ya kwa fundi cherehani, Newtown. Nimewasomea barua. Nilidhani watanionea huruma. Mtu mmoja kule nyuma akauliza kama pesa bado zipo zote. Wa pili akataka nizitoe kesho, kila mtu ashike chake. Kombo akawatuliza, lakini mwisho naye akasema, "Bi Zuhura, tunakuamini, ila tuletee karatasi ya benki tuione."

Tunakuamini, ila. Miaka sita nimeshika pesa za watu, sijala hata mia. Nimerudi kwa miguu kutoka Newtown mpaka Berea, nauli ninayo, nilikuwa na hasira tu. Mimi nachunguza sukari ya mwenzangu, wao wanachunguza benki yangu. Mkuki kwa nguruwe.

Jumatatu, 29 Mei

Ramadhani, mfungo wa pili. Baridi imeingia dirishani, kioo kimoja hakipo, tumeweka kadibodi.

Furaha ni Mkristo, ila kila Ramadhani hunipikia uji wa futari. Hajawahi kukosa. Leo ameuacha mezani umefunikwa na sahani. Nimefungulia tende na maji. Uji nimeumwaga. Naandika hili na sijisikii vizuri, lakini nimeumwaga.

Alhamisi, 1 Juni

Nimemwambia ahame mwisho wa mwezi. Sikumwambia sababu. Nilisema mpwa wangu anakuja kutoka Tanga. Sina mpwa anayekuja.

Akasema, "Sawa, Mama." Hakuuliza kitu. Asiye na hatia angeuliza.

Jumanne, 6 Juni

Foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na saumu yangu. Wazee wenzangu wamekuja na viti vyao. Nimeitwa saa saba.

Afisa ni mwanamke mtu mzima, ananiita gogo, yaani bibi kwa lugha ya hapa, hana ubaya. Nimemweleza chama. Anakijua, hata mama yake yuko kwenye cha kwao. Lakini maneno matupu hayaandiki kwenye faili. Nilete daftari la michango na nakala ya kila ukurasa wa michango. Nilete pia wanachama wawili walioapa mbele ya polisi, karatasi zenye muhuri, kwamba pesa ni za chama. Nisipoleta mpaka tarehe ishirini, zote ni zangu, na deni ni langu. Nimemuuliza nani kawapa habari za benki yangu. Akatazama foleni nyuma yangu, akasema tutazungumza siku hiyo.

Tutazungumza. Basi yupo aliyesema.

Jumapili, 11 Juni

Nimewaeleza wanachama. Wawili tu, wakaape kituo cha polisi.

Neno polisi liliwakausha. Nusu yao karatasi zimepitwa na tarehe, na foleni ya kuzisasisha inajulikana. Mwingine anajulikana chamani kwa jina moja na mpakani kwa jingine. Mtu gani ataingia kituoni kwa miguu yake, atoe karatasi iliyokufa, aseme naitwa fulani naomba kuapa? Kila mmoja akakagua viatu vyake. Kombo, karatasi zake ziko sawa, akajitaja wa kwanza. Tukangoja wa pili. Tukangoja sana.

Furaha akasimama. Karatasi yake imepitwa na tarehe miezi miwili, najua, nimeiona mezani. Akasema, "Mi ntaenda. Ile makuta ndiyo ilirudisha kaka yangu Bukavu. Mi ntaapa."

Makuta kwao ni pesa. Kweli, mwaka juzi tulimsafirisha kaka yake. Mimi ndiye niliyekwenda benki.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Anataka nini huyu? Akiulizwa kituoni analipa kodi kwa nani, atasema nini? Labda ndiyo nafasi aliyokuwa anaitafuta.

Jumatatu, 12 Juni

Lazima nimpe Kombo daftari hili likatolewe nakala. Nimetaka kuzichana kurasa zangu za nyuma. Haiwezekani. Limeshonwa katikati, ukivuta karatasi ya mwisho, ya kwanza nayo inaachia, na ya kwanza ina majina ya waanzilishi. Kumbe mbele na nyuma ni karatasi moja, na mimi miaka yote nasema mbele ni kwa watu, nyuma ni kwangu.

Nimezibana na pini mbili za hijabu, vichwa vya pini chini. Kombo si mtu wa kuchungulia. Atakwenda nalo mwenyewe, ameniahidi.

Jumatatu, 19 Juni

Wiki nzima bila kuandika. Daftari limerudi leo.

Kombo kasema nakala ziko tayari, viapo viwili vina muhuri. Kituoni polisi mmoja aliishika karatasi ya Furaha muda mrefu, akaigeuza, akamtazama usoni. Kisha akapiga muhuri. Furaha aliandika jina lake mara mbili, la kwanza halikusomeka. Kodi hawakumuuliza, wala hakuisema.

Halafu Kombo, bila kujua anasema nini, akaniambia nakala alitoa Furaha. Mashine iko chini ya saluni yake. Daftari lilikaa kwake saluni siku mbili.

Nimetazama pini. Zipo zote mbili. Vichwa viko juu.

Jumanne, 20 Juni

Ofisini. Afisa amesoma viapo, amefungua nakala, amehesabu majina kwa kalamu. Chama kifungue akaunti kwa jina lake, na watia saini watatu. Pesa za chama hazitaguswa.

Kodi ya chumba nimeitaja mwenyewe. Sijui nini kilinisukuma. Akaandika. Hiyo nitairudisha, watakata kidogo kidogo kwenye pensheni yangu mpaka iishe. Ni haki.

Nikamuuliza tena: nani alinisema? Akatoa karatasi kwenye faili, akaigeuza upande wangu. Fomu ya mapitio ya mwaka jana. Chini, mstari kwamba naruhusu waulize benki yoyote habari zangu. Juu ya mstari, sahihi. Yangu. Nakumbuka siku ile, sikuwa na miwani, watu nyuma walikuwa wanalalamika, nikatia sahihi kila karani alipoweka kidole.

Hakuna aliyenisema. Nilijisema mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nimwambie Furaha. Nilimkuta anafunga sufuria zake kwenye kanga. Nikasema viapo vimekubaliwa. Akasema, "Asante Mungu, Mama." Nikasema kuhusu mpwa wangu, labda hatakuja tena. Akaendelea kufunga. "Haina shida. Dada yangu wa kule Rosettenville amenipatia nafasi. Mi ntaenda tu."

Neno samahani lilikuwa mdomoni. Likakaa hapo hapo. Mtu wa miaka sitini na tatu, naogopa neno.

Jumamosi, 24 Juni

Amehama. Teksi ilimngoja kwenye robot ya chini, pale penye taa za barabarani, alishuka ngazi mara nne, nami nilibeba mto mmoja tu kwa sababu ya magoti. Aliniachia ufunguo na kodi ya mwezi mzima. Sikuitaka. Akaiweka mezani.

Jioni nimepika uji wangu mwenyewe. Umeshika chini. Nimefungua kopo nitie sukari. Limejaa. Si juu, si chini. Limejaa mpaka kwenye alama ya msumari, limesawazishwa kama kwa kisu.

Alama ile sikumwambia mtu. Iko humu daftarini tu.

Jumatatu, 26 Juni

Idi. Kombo ametuma pilau na salamu. Jengo limejaa watoto na muziki, chumba cha pili kimya. Nimevaa vizuri, nimekaa.

Mchana nimefungua daftari upande wa mbele niandike michango ya Juni. Ya Furaha imelipwa, kupitia Kombo. Nikafuata mstari wake kwa kidole. Furaha. Bukavu. Wa kujulishwa: Mama Zuhura, Berea. Ni mwandiko wake, aliandika mwaka aliojiunga. Daftari lilikaa kwake siku mbili, na kalamu ilikuwa imechomekwa ndani. Alisoma yote huku nyuma. Kule mbele hakukata jina langu.

Nimelia. Nimelia kidogo, kisha nimenawa.

Nimetafuta mstari wangu mwenyewe, wa tatu kutoka juu. Wa kujulishwa ni mume wangu. Marehemu mwaka wa saba huu, na sikuwahi kubadilisha. Ningekufa wiki iliyopita wangempigia simu maiti.

Nimekata jina lake kwa mstari mmoja. Nilishika kalamu niandike jipya, nikaacha. Jina la mtu haliandikwi hapo bila kumuuliza. Kesho nitapanda teksi ya Rosettenville, nibebe daftari na pilau iliyobaki. Nitaanza na samahani. Kisha nitamuuliza.