Akina Faber ni Wengi

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi.

Nyeri leo haijaona jua. Ukungu umetukalia tangu asubuhi, na manyunyu ni yale ya Julai ambayo hayakuloweshi lakini pia hayakuachi. Wageni wameondoka, sufuria nimeziloweka, na mtoto yuko mapajani mwangu akitafuna ngumi yake. Moyo umenijaa na sijui nianzie wapi.

Leo tumembatiza mtoto wetu wa pili.

Kwetu jina la mtoto halimsumbui mtu kichwa. Mvulana wa kwanza ni baba ya baba yake, wa pili ni baba ya mama yake, basi. Gathogo, mkubwa wetu, ni baba mkwe wangu. Huyu mdogo alikuwa baba yangu hata kabla hajazaliwa, na mimi humwita "baba" nikimbadilisha nepi.

Baba anaitwa Faber Njogu. Babu alikuwa mfua chuma kule Kianyaga, fundi wa majembe na mapanga, na padri wa Kiitaliano aliyembatiza mwanawe akampa neno la Kilatini la kazi hiyo. Baba mwenyewe hajawahi kushika nyundo ila ya kupigilia misumari ya ua. Maisha yake yote ni kahawa. Lakini jina likamshika, na baada ya kumshika likaanza kuzaa.

Desturi inataka Njogu tu. Jina la ubatizo kila mzazi hujichagulia. Dada zangu hawakutaka kujua hayo, kila mmoja alibeba yote mawili. Ndiyo maana kuna Faber wa Mwea, mwenye boda boda, na Faber wa Karatina, mwenye duka la misumari na mabati ambalo nalo linaitwa Faber. Dada yangu Wanjiku, aliyeolewa Kangema, alijaliwa wasichana watupu. Akakataa kuachwa nyuma, kitinda mimba wake akamwita Faberina. Kaka yangu amelifanya jina la ukoo, na watoto wake shuleni wanaandikwa Faber mwishoni. Kona ya kuingilia kwetu inaitwa Kwa Faber. Kuna hata dume la jirani, alilonunua kwa Baba likiwa ndama. Nimewahi kulisikia likitukanwa kwa jina hilo katikati ya mahindi ya watu, nikapita nimeinamisha kichwa.

Kwa hiyo Ndirangu, mume wangu, alipokataa, nilimwelewa.

"Njogu niko sawa nayo," aliniambia wiki iliyopita. "Lakini Faber ziko mingi, Mama Gathogo. Huyu mtoto ataitwa na namba. Tumuite Ryan."

Mwenyewe nilikuwa nalipenda Ryan.

Kilichonizuia ni Baba.

Tangu mvua ndefu Baba amenyamaza. Si mgonjwa, daktari amemwona. Anakula kidogo, anakaa jikoni kwake Kianyaga karibu na moto, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Ilianza tulipomzika Mzee Kariuki, aliyetahiriwa naye siku moja. Kila asubuhi Kariuki alipita na mtungi wa maziwa akielekea kwenye kituo cha kukusanyia, na akifika kwenye ua wetu alipaza sauti: "Faber! Umeamka ama umekufa?" Baba alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ndiyo ilikuwa chai yake ya kwanza.

Nilidhani ni huzuni ya kawaida, itapungua. Kaka yangu akamnunulia redio. Mimi nikampelekea sweta.

Halafu juzi, nikiwa napiga pasi, nikajiuliza ni nani sasa humwita Baba kwa jina.

Mama hakumwita hivyo hata siku moja, alimwita Baba Wanjiku, na Mama alishatangulia. Majirani wanasema Mzee. Kanisani ni Mzee Njogu. Wajukuu wanasema Guka. Sisi watoto tunasema Baba, na kwetu mtu hamtaji mzazi wake kwa jina usoni pake, ni kukosa adabu. Kariuki ndiye alikuwa wa mwisho. Jina la Baba liko kwenye mabati, liko barabarani, linapigiwa kelele shambani kwa jirani, na yeye mwenyewe hakuna anayemwita.

Nilizima pasi nikakaa chini. Nililia, sitaficha.

Nilimweleza Ndirangu. Akasikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Sasa mtoto akiitwa hivyo, Guka atasaidika aje?" Jana tulilala bila kuelewana, na leo tukaingia kanisani hivyo hivyo, tumevaa vizuri na hatuna jina.

Kaka alikuwa amemleta Baba kutoka Kianyaga asubuhi. Walimkalisha benchi la mbele, koti limefungwa hadi shingoni, kofia mapajani. Hakumwangalia mtu.

Padri akauliza mtoto amepewa jina gani.

Watoto wa dada zangu walipobatizwa walijibu mashemeji, kwa hiyo nikamgeukia Ndirangu. Alimtazama mtoto. Kisha akalitazama lile benchi, akalitazama kwa muda mpaka padri akakohoa. Akaninong'oneza, "Sema wewe. Ni baba yako."

Nikafungua mdomo. Ni mtu mzima mimi, nina watoto wawili, na ulimi uliganda kama wa mtoto aliyeambiwa atukane. Nikasema kwa sauti ya chini. Padri akainama. "Sema wasikie, mama."

"Faber," nikasema.

"Niko," akajibu Baba.

Alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa imeanguka na mkono wake mmoja umeshika benchi. Watu wakacheka, kisha wakaacha. Wanjiku akamvuta koti taratibu, "Keti, Baba. Ni mtoto ndio anaitwa."

"Najua ni mtoto," Baba akasema, na kanisa zima likasikia. "Lakini hata mimi si nimeitwa?"

Sikumbuki maji yalimwagwa vipi. Nilikuwa natazama viatu vyangu na siwezi kuviona.

Nyumbani Baba alikula. Aliongezewa mukimo, akauliza kama nyama imeisha. Akasimulia jinsi Kariuki alivyowahi kutumbukia kwenye shimo la kahawa akiwa amevaa suti ya harusi yake, na akacheka yeye mwenyewe kabla hajafika mwisho. Ndirangu alikuwa akimjazia kikombe kila kikipungua. Sijamwambia asante bado.

Walipokuwa wanaondoka nilimshikilia Baba mlango wa gari. Alikaa, hakufunga mkanda, akaniangalia kama anayesubiri kitu. Nilijua ni nini. Nikasema, "Safari njema, Baba." Siwezi. Kule kanisani nilikuwa namtaja mtoto. Usoni pake siwezi.

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akamsogeza karibu na uso wake.

"Wewe rika yangu," akamwambia. "Jifunze kuongea haraka."

Hapo ndipo lilinijia jambo ambalo sote tulilijua na tukalisahau. Kwetu mjukuu na babu ni rika moja. Wanataniana, wanatupiana maneno, wanaitana kwa majina na hakuna anayevunjiwa heshima. Hao akina Faber wote wangeweza kumwita kila siku ya maisha yao. Ni sisi wazazi wao tuliowafundisha kusema Guka, tukidhani ndiyo malezi mazuri, na sasa ni wakubwa, wanaona haya.

Huyu wangu hajafundishwa kitu bado.

Gathogo alichelewa sana kuongea, na hilo linanitisha. Baba ni mzee, na Julai za Kianyaga hazina huruma na kifua cha mzee. Nimeanza leo leo. Nimeinama nikamtajia jina polepole, mara nyingi, yeye ananitazama mdomo na kunitemea maziwa. Kesho tukiamka tunaanza tena.

Baba, vumilia kidogo. Tunakuja kukuita.