Umehudhuria Mkutano, Baba

Baba,

Shikamoo yako naiweka kwanza. Nikikupa sasa hivi nitakuwa mnafiki, maana nimekukasirikia tangu mwezi uliopita na sijui hasira zenyewe nimpelekee nani kama si wewe.

Umehudhuria mkutano wa mtaa. Arobaini yako imeshapita, nguo zako nimezigawa, lakini kwenye karatasi ya mahudhurio umo, namba kumi na saba, na saini umeweka. Tena umekubali. Umekubali kile kiwanja cha zahanati, kile ulichokipigania mpaka ukagombana na shemeji yako, kigeuzwe maegesho ya malori yanayosubiri zamu ya kuingia bandarini Kurasini.

Wewe, uliyefia kwenye bajaji nyuma ya malori hayo hayo, kifua kimekubana, mkono wako juu ya goti langu, nami nampigia kelele dereva asiye na pa kupita. Zahanati ingekuwepo pale tungekwenda kwa miguu.

Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba muhtasari wa mkutano kwa sababu malori mawili yalikuwa yameshaanza kulala kiwanjani. Mtendaji, binti mgeni mwenye adabu zake, alinipa bila ubishi. Nadhani hakukujua. Saini yako ilikuwa na mkia mrefu unaokata mstari wa chini. Hii ilikuwa fupi, safi, na za juu na chini yake zilifanana nayo. Mkono mmoja, kalamu moja.

Nikamfuata Mwenyekiti dukani kwake. Rafiki yako huyo, aliyeshika jeneza lako mbele. Nilimwita mwizi wa maiti, wateja wakisikia, na mengine ambayo usingependa yatoke kinywani mwangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliendelea kufunga sukari, akasema taratibu:

"Mwanangu, mbona baba yako ndivyo alivyokuwaga? Tukipungua, anatujazia majina. Sie tumejifunza kwake."

Na ni kweli. Nilikuwepo, Baba. Nikiwa mdogo, siku ya mkutano, watu wakiwa wachache na akidi haijatimia, ulinishika mkono tukapita nyumba kwa nyumba na lile daftari lako la jalada gumu. Bi Tatu, jirani yetu, anajibu toka uani, "Niandike tu, Mzee, mie nafua." Unamwandika. Mwingine yuko kazini, unamwandika. Ulisema mkutano ukiahirishwa mtaa haupati kitu, na ulijisifu kwamba wewe ukiwepo hakuna mkutano uliowahi kuahirishwa. Nami nilitembea kifua mbele, binti wa Mzee. Nia yako ilikuwa njema. Ila uliwazoesha watu kuhudhuria wakiwa kwao wanafua, na hawa wameingilia mlango huo huo. Nakuchukia kwa hilo, na hapo hapo natamani urudi nikugombeze ana kwa ana.

Niliandika malalamiko, nikaambatisha nakala ya cheti chako cha kifo, nikapeleka mpaka ofisi ya kata. Mkutano ukaitishwa upya Jumapili iliyopita. Nilidai majina yaitwe kwa sauti na kila mtu asimame likiitwa lake. Tulipohesabiwa, tulipungua watu sita. Sita tu. Na karibu wote waliokuja walikuwa upande wetu, kiwanja kilikuwa kama kimesharudi. Bi Tatu, safari hii kaja mwenyewe, akanisogezea kalamu.

"Waandike, mwanangu. Si tunawajua? Wangekubali."

Niliishika ile kalamu. Sitakuficha, niliishika. Kisha nikaikumbuka namba kumi na saba, nikairudisha mezani, nikamwambia Mtendaji atangaze kwamba akidi haikutimia. Walinizomea, watu wangu mwenyewe. Bi Tatu hanisemeshi mpaka leo. Mwenyekiti alitabasamu, na malori kiwanjani sasa ni manne.

Mkutano mwingine ni kesho kutwa, Jumapili. Daftari lako ninalo, nalipitisha nyumba kwa nyumba kama ulivyofanya, ila simwandiki mtu. Nabisha hodi, naambiwa niandike, nami nakaa pale pale kizingitini mpaka mwenye nyumba aniambie atatoka saa ngapi na nani atamshikia mtoto. Wamenichoka. Jana mmoja amenifungia mlango nikiwa bado naongea, nikasubiri akafungua kwenda dukani.

Nakuahidi hivi. Kiwanja kikipona, kitaponywa na watu waliokuja kwa miguu yao. Kikipotea, kitapotea tukiwa tumekaa pale tunaona, na aliyekichukua atatutazama usoni. Jina lako nimelifuta kwenye ile orodha kwa mkono wangu, Mtendaji akiangalia. Hakuna atakayekuandika tena, hata mimi.

Pumzika, Baba. Jumapili huna mkutano.

Shikamoo.

Mwanao,
Zuhura